Bwana Mkubwa Ametulia

Jumapili, 2 Machi

Leo ni wiki ya tatu tangu niitwe mke wa mtu, na bado nikisikia mtu akisema "mke wa fulani" nageuka nyuma kuona anaitwa nani. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wetu. Wetu. Neno hili natamani nilimung'unye kama peremende. Tuna vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mkwe, ukuta mmoja na kibanda cha pampu ya bwawa inayonguruma usiku kucha, kwa hiyo tunalala kama watu waliopanga ndani ya tumbo lililoshiba. Kipenzi changu anasema nitazoea. Mimi sitaki kuzoea chochote katika ndoa hii.

Anauza miwani, huyu kipenzi. Nilikwenda dukani kwao kumchukulia baba miwani yake, nikarudi nyumbani nimepofuka mimi.

Bwawa lipo hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi na alilijenga kwa mikono yake. Alipofariki, vyura wakarithi. Mwaka jana mama mkwe alipasuliwa nyonga, na mtaalamu wa viungo akasema mguu hautapona kwa kukaa kitini, atembee ndani ya maji kila asubuhi. Vyura wakapewa notisi, na kipenzi akakabidhiwa maji. Amelibatiza bwawa jina: Bwana Mkubwa. "Huyu Bwana Mkubwa anakula dawa kuliko wodi nzima," aliniambia jana. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe mume wangu anatia dawa kwa kukisia, kopo moja leo, nusu kopo kesho, kama mtu anayelisha kuku. Nyuma ya ndoo nimekuta boksi la vipimo halijafunguliwa hata siku moja. Ndani mna vijineli viwili vya kioo, vyembamba kama kidole, vya kutilia maji, chupa ndogo ya matone ya kupimia klorini na nyingine yenye matone mekundu ya kupimia uchachu wa maji. Kemia ndilo somo lililonipa raha shuleni. Nimechota maji, nimetia matone, nikainua kijineli kwenye mwanga: rangi ya zambarau. Besi, ile kinyume cha asidi, imezidi. Ndiyo maana mama mkwe akitoka majini macho yanakuwa kama ya mtu aliyemenya vitunguu, na klorini yote inayomwagwa inakaa bure bila kufanya kazi.

Jua lilipozama nilitia asidi kidogo upande wa kina kirefu, nikaiacha pampu izungushe. Klorini nitatia kesho jioni. Hizo mbili hazikutanishwi kamwe.

Ijumaa, 7 Machi

Maji ni kioo. Mtu anaweza kuhesabu vigae vya chini.

Mama mkwe alisimama ukingoni na fimbo yake, akaangalia muda mrefu, kisha akamwambia kipenzi, "Huo ni mkono wa baba yako. Nilidhani umezikwa naye." Kipenzi akaniangalia kwa pembeni, akakonyeza, akasema, "Ni mkono tu, mama." Baadaye alinikumbatia jikoni, akanieleza kuwa tangu utotoni aliambiwa hana mkono wa kazi, kwamba baba yake aliacha nyumba na mwana wa kuuza vioo. Nikamwambia basi sifa achukue. Mimi ningempa hata figo, seuze bwawa.

Jumatatu, 10 Machi

Kipenzi kaniletea ua. La plastiki, la kutoka kwenye kabati la vioo dukani. Nimeliweka kwenye glasi na nimelitilia maji hivyo hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ana saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Mtaa unamwita Redio, na yeye mwenyewe anaitika. Leo alikuwa anamsuka mteja huku ananiangalia nikianika nguo. "Wifi, unamwogesha kaka yangu au unampaka polishi? Anang'aa siku hizi." Nikasema ni mapenzi. Akasema, "Mapenzi yana rangi, wifi, na hiyo siyo." Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza, na si ya kubembeleza. Imemwaga majani, vumbi la bati na kila kitu cha mtaa ndani ya Bwana Mkubwa. Jana asubuhi harufu ya dawa ilikuwa kali, mama mkwe akasema, "Dawa imezidi." Kila mtu husema hivyo, na kila mtu hukosea. Kinachonuka ni dawa iliyochoka, iliyokwisha kupigana na uchafu. Ikinuka hivyo, ongeza. Nikaongeza jioni, na leo asubuhi imetulia.

Nilimpigia dada yangu kumsimulia. Nilikuwa mlangoni na furaha yangu yote, sikuangalia nani yuko nyuma ya kamba ya nguo.

Jumapili, 23 Machi

Redio amekataa chakula nilichopika. Anasema ameshiba. Amekaa mezani akiwa ameshiba, akimwangalia kaka yake kila tonge anapolipeleka mdomoni. "Kaka, unajisikiaje?" "Vizuri." "Kichwa hakikuumi?" "Hapana." "Unakumbuka jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza?" Kipenzi akamtajia. Akaonekana kusikitika.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Chupa ya matone mekundu siioni.

Jumapili, 30 Machi

Leo naandika mlango ukiwa umefungwa.

Baada ya chakula cha mchana mama mkwe aliniita sebuleni. Alikuwa kwenye kiti chake kirefu, mguu juu ya mto. Redio amesimama nyuma yake. Kipenzi amekaa kwenye kochi, mikono katikati ya magoti. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, chupa yangu ya matone mekundu.

Redio akaanza. "Mama, mimi si mtu wa maneno." Nusura nicheke. "Lakini haya nimeyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Alikuwa anaongea na dada yake kwenye simu." Akabana sauti kuniigiza, na Mungu anisamehe, aliniigiza sawasawa. "'Bwana Mkubwa alikuwa amechafuka, dada, mkali, hashikiki. Nikampa dawa. Siri ni kumpa jua likishazama, ukimpa mchana haikai. Nikamwacha azunguke usiku kucha, asubuhi ametulia, macho meupe. Sasa hanisumbui. Wala hajui nimempa nini.'"

Kila neno ni langu, isipokuwa macho. Mimi nilisema maji meupe. Lakini nani wa kumsahihisha Redio?

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Mwanangu, unampa nini mume wako?"

Nikasema, "Mama, Bwana Mkubwa ni bwawa."

Redio akapiga makofi mara moja, pa. "Bwawa ametulia? Bwawa azunguke? Wifi, wewe si ulifika kidato cha nne? Ngeli uliziacha wapi? Bwawa limetulia. Maji yametulia. Anayetulia ni mtu."

"Ni jina la utani," nikasema. "Ukikipa kitu jina la mtu unakisema kama mtu."

"Haya, na bwawa linatunzwa na nani humu ndani? Si kaka? Mama si amewaambia watu wote kwamba mwanawe ana mkono wa baba yake? Sasa wewe unalipa dawa bwawa la nani?" Akamgeukia kipenzi. "Kaka, sema. Hii chupa unaijua?"

Nikamwangalia mume wangu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilikuwa hata na kacheko kadogo ka kumngoja aseme, sote tucheke, Redio aaibike kidogo, nimsamehe. Jina la Bwana Mkubwa alilitoa yeye. Chupa ile ameiona mkononi mwangu karibu kila jioni.

Aliangalia zulia. Akamwangalia mama yake. Akaangalia zulia tena.

"Mimi sijui mambo ya chupa," akasema.

Niliondoka pale bila ruhusa, bila adabu. Nilipita mbele ya bwawa, ambalo mvua ilikuwa inalitoboa toboa, nikaingia ndani nikaketi kitandani. Mwanamume niliyesema ningempa figo. Kwa ajili ya sifa ya maji ameniacha niitwe mchawi mbele ya mama yake.

Aliponifuata alisema, "Ningesemaje, na mama amekwisha waambia watu wote?" Nikamwambia, "Ungesema ukweli, ni maneno machache." Akasema atasema siku nyingine, taratibu, mama akiwa na furaha. Nikalitoa lile ua la plastiki kwenye glasi, nikayanywa maji, nikamrudishia ua lake.

Jumatatu, 31 Machi

Kuanzia leo mwenye mkono wa baba yake apime.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Sijagusa maji. Napika, nafua, nafagia, naamkia, naitika. Redio anakula kwa mama, na akipita dirishani kwangu anashika pua.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi kipenzi, sijui kwa nini bado naandika hivyo, alikuja jikoni akanong'ona, "Niambie tu ni matone mangapi." Nilikuwa nakuna nazi. Sikuacha kukuna.

"Mimi sijui mambo ya chupa," nikasema.

"Mke wangu, usifanye hivyo."

"Muulize Redio. Redio anajua kila kitu."

Jumatano, 9 Aprili

Hasira yangu hainuki bado, kwa hiyo bado ina nguvu.

Nimewaza jambo moja, na nimeliwaza kutwa nzima nikipiga pasi. Ndani ya maji kuna kitu ambacho hakionekani, kazi yake ni kuyafanya maji yawe na msimamo. Ndicho kinachofanya tone la asidi lisiyaangushe na tone la besi lisiyapandishe. Maji ya mvua hayana kitu hicho. Kila mvua inapoingia bwawani inakizimua kidogo, mpaka siku moja unatia kikombe kimoja cha kitu chochote na maji yote yanaruka huku au kule. Dawa yake ni magadi, yale meupe ya kuumulia mikate.

Mama yake akimwangalia mume wangu, anakuwa hivi. Dada yake akimwangalia anakuwa vile. Mimi nikimwangalia ananipenda, nakiri, ananipenda mpaka inauma. Nimeolewa na maji ya mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Maji yamekuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Kipenzi alimwaga kopo zima la klorini saa sita mchana, jua limetoka kidogo kati ya mvua mbili, likailamba yote. Nilikuwa dirishani na nikafurahi. Sikujua kama ninaweza kufurahi vibaya namna ile.

Jumatatu, 14 Aprili

Kijani.

Alhamisi, 17 Aprili

Redio anawaambia wateja wake kwamba hata maji yamelogwa. Mteja mmoja, sauti sikuitambua, akamuuliza, "Sasa yule bibi harusi amloge mume na bwawa pia? Anapata wapi muda?" Nikampenda mteja huyo bila kumwona.

Mama mkwe hajaingia majini wiki nzima. Leo nimemwona akitoka chooni ameegemea ukuta, mguu anauburuta tena kama nilipomkuta. Nimekuwa nikihesabu kwamba ninamwadhibu mume wangu. Nyonga si yake.

Lakini mbona hakuna aliyekuja kuniuliza? Mbona nianze mimi? Usiku wa harusi mama mkwe alinishika mkono akaniambia mimi si mkwe, ni mwana. Mwana anaulizwa juu ya chupa mezani kama mwizi?

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Tumelala tukigeuziana migongo. Hata pampu amesahau kuiwasha, na kimya chake kimenikosesha usingizi kuliko ngurumo yake.

Jumapili, 20 Aprili

Haya ndiyo yaliyotokea leo, na nitayaandika yote.

Asubuhi mvua ilikatika. Nilikuwa nafungua madirisha nikamwona mama mkwe ukingoni mwa bwawa amevaa nguo zake za kuogelea, gauni lake la bluu, taulo begani. Fimbo ameilaza chini. Anashika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja na anapapasa kwa mguu, kwenye kijani kile kisichoonyesha hata ngazi ya kwanza.

Nilitoka pekupeku.

"Mama, usiingie."

Hakugeuka. "Mtaalamu amesema kila asubuhi. Nimekosa nyingi mno."

"Ngazi hazionekani, mama. Mwani umeshika vigae, vinateleza kama sabuni. Utaangukia upande ule ule."

"Mwanangu ameniambia jana kayatia dawa."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi, kunyamaza. Lakini mguu wake mwembamba, wenye kovu refu la kushonwa, ulikuwa umekwisha zama mpaka kifundoni.

"Amelitia kopo zima jana tena, mama, na hakupima kwanza. Juzi alitia asidi kwa ndoo. Maji haya yamechacha, yatakuchoma macho na hilo kovu. Tafadhali toa mguu."

Akautoa. Nikamshika kiunoni, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamwosha mguu kwa maji ya bomba. Alikuwa ananiangalia utosini.

"Umejuaje kwamba yamechacha?"

Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Kama ningefungua mdomo ningemwambia muulize mwenye mkono.

Kipenzi alikuwa ametokea kibandani na ndoo, akasimama pale pale. Na Redio, maana lini amekosa, alikuwa kwenye mlango wa saluni, kitana kimechomekwa nyweleni.

Mama mkwe akamwambia mwanawe, "Mkeo anasema maji yamechacha. Yamechacha?"

Alitazama chini. Zulia halikuwepo, palikuwa na saruji tu yenye madimbwi. Nikajisemea, sasa ataniua kabisa. Kisha akaiweka ndoo chini.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijawahi kupima. Hata siku moja. Anayepima ni yeye. Tangu mwanzo wa Machi ni yeye." Akafuta mikono kwenye suruali. "Na Bwana Mkubwa ni hili bwawa. Jina nililitoa mimi. Ile chupa ni ya kupimia maji, na mimi nilijua. Ulipouliza nilijua."

Redio akasema, "Sasa si mngesema limetulia?"

"Nyamaza wewe," mama mkwe akasema, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akanyamaza.

Mguu wa mama mkwe ulikuwa bado mikononi mwangu. Nilidhani atamfokea mwanawe, au atanibusu, au atalia. Alisema tu, "Baba yako hakuwa na mkono wowote. Alikuwa anapima. Na alikuwa na jicho langu dirishani, nikimwambia yamebadilika rangi." Akaniangalia mimi. "Kwenye meza ile nilikuuliza wewe, nikamwacha yeye akae. Nilikosea pa kuanzia."

Nikasema, "Ndiyo, mama, ulikosea." Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo. Akatikisa kichwa kukubali.

Jumatatu, 21 Aprili

Kazi imeanza. Magadi kwanza, ili maji yapate msimamo. Uchachu baadaye. Klorini jioni, kisha pampu isizimwe. Mimi napima, yeye anasugua vigae kwa brashi ya mpini mrefu huku mvua inamnyeshea. Hajalalamika. Alijaribu kunichekesha kwa kusema, "Sasa Bwana Mkubwa kapata mhudumu." Sikucheka. Nilimwonyesha kona aliyoruka.

Alhamisi, 24 Aprili

Kijani kimekufa, kimekuwa vumbi la kijivu chini. Kipenzi ananyonya uchafu kwa mpira wa pampu. Leo ameniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba aliwapigia ndugu wote mama aliowasifia mkono wake, mmoja mmoja, akawaeleza. Nikamuuliza walisemaje. "Walicheka." Nikaona imemuuma, na nikaona kwamba amekwenda kuumwa kwa hiari. Nikamwongezea mchuzi.

Jumamosi, 26 Aprili

Redio amegonga mlango. Alikuwa na chupa ya mafuta na taulo. "Njoo nikuoshe nywele. Hiyo klorini yako imezila, zimekuwa kama za mdoli." Nikamwambia sina nafasi. Akasema, "Nafasi utaipata, mimi si nimekaa." Akakaa kwenye ngazi yetu, mvua ikamkuta pale pale, akagoma kuondoka. Mwishowe nilienda. Alinisugua kichwa kwa vidole taratibu mno, hakusema neno mpaka alipokuwa anafuta. "Lakini uliiambia simu vibaya, wifi. Ungesikia wewe ungesemaje?" Nikawaza. Ningesema vile vile. Sikumpa raha hiyo.

Alhamisi, 1 Mei

Ngazi ya kwanza inaonekana.

Jumapili, 4 Mei

Zote zinaonekana.

Mvua zimepungua, zimebaki za kunyunyizia. Asubuhi nimepima: manjano ya klorini sawa, wekundu wa uchachu sawa, magadi yanatosha. Mama mkwe ameshuka ngazi akishika chuma, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, mguu ukienda mbele vizuri, gauni la bluu likielea kumzunguka. Redio alikuwa anamwangalia kutoka mlangoni na mteja wake ana povu kichwani. Kipenzi alisimama kando yangu na brashi. Alikuwa amelowa, na nywele zimemshuka kwenye paji, na kusema kweli ni mzuri, shetani huyu. Nyuma yetu kwenye dirisha niliona lile ua la plastiki limerudi kwenye glasi. Maji ameyatia yeye.

Mama mkwe akafika upande wetu, akashika ukingo, akahema. Akainua uso na kuniuliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Haya, mwanangu. Bwana Mkubwa vipi leo?"

Kipenzi akaniangalia. Alikuwa anangoja nicheke.

"Maji yametulia, mama," nikasema. "Bwana bado nampima."